Jacob Riis: Mwandishi Aliyepeleka Mwanga Vichochoroni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hii ni fupi, lakini inazua swali ambalo limewasumbua waandishi wa jamii nyingi: je, mwenye shibe anaweza kufanywa amjue mwenye njaa? Na akishamjua, atatenda nini? Jacob August Riis, mwanahabari mzaliwa wa Denmark aliyeishi na kufanya kazi mjini New York, Marekani, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulitafutia swali hili jibu. Alianza kwa kalamu. Alipotambua kwamba kalamu haitoshi, alishika kamera. Hatimaye alizipeleka picha zake mbele ya hadhira kwa kutumia taa ya mazingaombwe, yaani chombo kilichorusha picha za kioo kwenye pazia jeupe, ambacho kilikuwa burudani ya watu wengi kabla ya sinema kuzuka.

Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha ya Riis na kuonyesha jinsi maneno na picha vilivyotegemeana katika kazi yake. Wanafunzi wa fasihi tumezoea kuujadili uhalisia kana kwamba ni suala la maneno peke yake. Maisha ya Riis yanatukumbusha kuwa uhalisia ni suala la mwanga pia: nani anaushika, unamulika wapi, na anayemulikwa ana kauli gani.

Utoto Wake Ribe

Riis alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji mdogo wa Ribe, magharibi mwa Denmark. Baba yake, Niels Riis, alikuwa mwalimu ambaye pia aliliandikia gazeti la pale mjini. Familia ilikuwa kubwa mno na kipato kilikuwa haba. Ndugu zake wengi walifariki wakingali wadogo au katika ujana wao, baadhi yao kwa kifua kikuu. Baba alitamani mwanawe awe mtu wa vitabu. Mtoto alivipenda vitabu, hasa hadithi za Charles Dickens zilizomsaidia kujifunza Kiingereza, lakini alichagua useremala na akaenda kuusomea ufundi huo jijini Copenhagen.

Kuna kisa cha utotoni mwake ambacho Riis mwenyewe alikisimulia baadaye na ambacho kinatoa ufunguo wa tabia yake. Palikuwepo mjini Ribe nyumba chakavu walimoishi mafukara. Siku moja ya Krismasi Jacob alipewa fedha kidogo. Badala ya kujinunulia kitu, aliipelekea familia moja ya nyumba hiyo, ila kwa sharti kwamba wasafishe makao yao na kuwatakatisha watoto wao. Katika tendo hilo moja tunamwona Riis mzima. Huruma yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikuja na masharti, na masharti yalitungwa na mwenye kutoa.

Jambo jingine lililoyageuza maisha yake ni mapenzi. Alimpenda Elisabeth Gjørtz, binti wa familia yenye uwezo. Alipomposa, alikataliwa. Kijana huyo aliyevunjika moyo aliamua kuvuka bahari.

Maisha ya Ughaibuni

Riis alitia nanga New York mwezi Juni 1870, akiwa na umri wa miaka 21. Alikuwa na dola 40 alizochangiwa na marafiki, pamoja na kidani cha dhahabu chenye unywele wa Elisabeth. Nusu ya fedha hizo aliitumia kununua bastola, kwa kuwa aliamini kwamba Marekani ni nchi ya nyati na majambazi. Punde si punde aligundua kuwa adui wa mhamiaji si nyati bali ni ukosefu wa kazi. Alifanya useremala, akachimba, akafanya vibarua vya mashambani na viwandani. Mara nyingi alilala nje, akaishi kwa mabaki ya chakula.

Usiku mmoja wa mvua mwaka huo wa 1870, alitafuta hifadhi katika chumba cha polisi walichotengewa watu wasio na makao, kwenye kituo cha Church Street. Mbwa mdogo aliyekuwa amemfuata barabarani alizuiwa mlangoni. Usiku kidani chake kiliibwa. Alipolalamika, sajenti hakuamini kwamba mzururaji kama yule angeweza kumiliki dhahabu, akaamuru atolewe nje. Mbwa aliyekuwa akimngoja alimrukia askari aliyekuwa akimburura bwana wake, na askari akamshika na kumbamiza kwenye ngazi mpaka akafa. Riis hakuusahau usiku ule maisha yake yote. Ni wazi kwamba aliyoyaandika miaka 20 baadaye kuhusu watu wasio na pa kulala hayakuwa habari za kuambiwa. Aliwahi kuwa mmoja wao.

Hali yake ilibadilika polepole alipoingia katika uandishi wa habari. Aliajiriwa na gazeti dogo la Brooklyn, kisha akalinunua kwa mkopo na kuulipa mkopo huo kwa jasho lake. Wakati huohuo habari zilimfikia kwamba mchumba wa Elisabeth, aliyekuwa ofisa wa jeshi, amefariki. Riis alimwandikia tena. Safari hii alikubaliwa, na mwaka 1876 alirudi Ribe kufunga ndoa. Kweli subira huvuta heri.

Ni katika kipindi hiki cha Brooklyn ambapo Riis alikutana na taa ya mazingaombwe kwa mara ya kwanza kama chombo cha kazi. Alinunua taa hiyo akawa anarusha matangazo ya biashara hadharani nyakati za usiku, akiyachanganya na picha za kupendeza ili watu wasiondoke. Hakuwa na fikra yoyote ya kutetea wanyonge kwa njia hiyo. Hata hivyo, alijifunza jambo ambalo mwanafasihi yeyote analijua: hadhira ikishanaswa na kinachopendeza, itakubali kuonyeshwa na kile isichokitarajia.

Mtaa wa Mulberry

Mwaka 1877 Riis alipata kazi katika gazeti la New York Tribune, akawa mwanahabari wa taarifa za polisi. Ofisi yake ilikuwa mtaa wa Mulberry, mkabala na makao makuu ya polisi. Katika mtaa huohuo palikuwa na Mulberry Bend, kipande cha mtaa kilichosifika kwa msongamano, maradhi na uhalifu.

Ili kuielewa kazi yake, ni muhimu kuyafahamu mazingira hayo. Kufikia sensa ya 1890 New York ilikuwa na watu wapatao 1,500,000, na wengi wao waliishi katika maghorofa ya kupangisha yaliyojengwa kwa tamaa. Kiwanja cha kawaida kilikuwa na upana wa futi 25 na urefu wa futi 100. Mwenye nyumba alikijenga karibu chote, mara nyingine akaongeza nyumba ya pili uani. Vyumba vya katikati havikuwa na dirisha la nje, hivyo mchana na usiku vilifanana. Familia ililala, ikapika na kushona nguo za viwandani katika chumba hichohicho. Wenye kukosa hata hicho walilala kwa kulipia nafasi sakafuni, senti 5 kwa usiku mmoja.

Riis alipita humo usiku wa manane akiwafuata wakaguzi wa afya. Kila asubuhi aliandika aliyoyaona, na kila asubuhi wasomaji waliyasoma na kuyasahau. Hapo ndipo alipokiri moyoni kwamba maneno yake hayafiki. Msomaji aliyeketi sebuleni penye nafasi aliweza kudhani kuwa mwandishi anatia chumvi. Kinachohitajika ni ushahidi, na ushahidi ulikuwa gizani.

Unga wa Mmweko

Kamera za zama hizo zilihitaji mwanga mwingi. Bamba kavu za jelatini, zilizokuwa zimeanza kuuzwa madukani, zilikuwa zimerahisisha kazi ya mpigapicha, lakini hazikuweza kupenya giza la chumba kisicho na dirisha. Suluhisho lilitoka Ujerumani. Mwaka 1887 Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitangaza mchanganyiko wa unga wa magnesiamu na kemikali yenye oksijeni, ambao ukiwashwa hulipuka kwa mwanga mkali wa sehemu ndogo tu ya sekunde. Riis aliisoma habari hiyo gazetini na akaona mlango umefunguka.

Alishirikiana na John Nagle, daktari wa idara ya afya, pamoja na Henry Piffard na Richard Hoe Lawrence, waliokuwa wapigapicha wa ridhaa. Kundi hili liliingia vichochoroni usiku. Mwanzoni waliulipua unga kwa chombo kilichofanana na bastola, hali iliyowatia wakazi hofu kubwa. Hebu tujiweke katika nafasi ya mtu aliyelala akaamshwa na wageni wenye bastola, mlipuko wa mwanga, moshi, kisha miguu ikikimbia. Baadaye Riis aliiacha bastola akawa anaulipulia unga kwenye kikaango. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Aliwahi kuwasha moto nyumba mara 2, na nusura apofuke. Siku moja, akipiga picha ya vipofu katika chumba cha darini, mwanga wake uliwasha moto matambara na karatasi ukutani. Ilimbidi auzime peke yake bila kuwaeleza wenyeji wake yanayotokea, kwa kuwa hawakuweza kuona wala kukimbia.

Washirika wake walipochoka na safari za usiku, Riis alinunua kamera yake mwenyewe mwanzoni mwa 1888 na kujifunza kwa kukosea. Jaribio lake la kwanza lilikuwa kwenye makaburi ya mafukara katika kisiwa cha Hart. Aliichanganya bamba aliyokwisha kuitumia na zile mpya, na picha aliyoipata ilikuwa nyeusi kupita kiasi. Hakuitupa. Aliona kwamba weusi ule uliongeza huzuni ya mahali penyewe. Mtu huyu hakujihesabu kamwe kuwa msanii wa picha, lakini tayari alikuwa anafikiri kwa lugha ya taswira.

Picha za Kioo na Rangi za Mkono

Magazeti ya wakati huo hayakuwa na njia rahisi ya kuchapisha picha. Tarehe 12 Februari 1888, New York Sun lilipochapisha taarifa yake, picha 12 zilichorwa upya kwa mistari. Mchoro haukuwa na nguvu ya picha. Kwa sababu hiyo taa ya mazingaombwe ndiyo iliyokuwa njia yake kuu ya kuwafikia watu. Tarehe 25 Januari 1888 alisimama mbele ya chama cha wapigapicha wa ridhaa wa New York akaonyesha picha zipatazo 100 huku akisimulia.

Utengenezaji wa slaidi unastahili kuelezwa. Bamba ya kamera ilikuwa na picha kinyume, yaani peupe pakawa peusi na peusi pakawa peupe. Kutokana na bamba hiyo, picha sahihi ilichapwa kwenye kioo kingine cha upana wa takriban sentimita 8 hadi 10. Iwapo ilitakiwa rangi, fundi alikiweka kioo mbele ya mwanga akakipaka kwa brashi nyembamba mno, mara nyingi akitumia kioo cha kukuza. Rangi ilipaswa kuwa angavu inayopitisha mwanga, kwani rangi nzito ingeonekana kama doa jeusi kwenye pazia. Kisha kioo cha pili kilifunikwa juu na kingo zikazibwa kwa utepe wa karatasi. Kosa halikuwa na pa kujificha. Slaidi ya sentimita 8 ikirushwa kwenye pazia la upana wa mita 3.2 hukuzwa mara 40, hivyo brashi ikiteleza milimita 1 tu, hadhira itaona kosa la sentimita 4.

Baadhi ya slaidi za Riis zilipakwa rangi kwa njia hii. Hapa pana suala la kuzingatiwa. Picha ilikusudiwa kuwa ushahidi usiopingika, lakini wekundu wa matofali na rangi ya shavu la mtoto vilitoka mkononi mwa fundi ambaye huenda hakuwahi kufika kwenye uchochoro wenyewe. Je, huo ulikuwa uongo? Kwa maoni yangu, tukiuita uongo itatubidi tuite uongo kila tashbihi inayotiwa katika riwaya ya kihalisia. Rangi ilifanya kazi ya tamathali: iliufikisha ukweli kwa anayehisi, si kwa anayehesabu peke yake. Lakini tamathali ina mwenyewe, na mwenyewe ana nia. Ndiyo maana haitoshi kuuliza iwapo picha ni ya kweli. Yafaa tuulize pia imetiwa rangi kwa ajili ya nani.

Hadhira ya Riis ilikuwa ya watu wa tabaka la kati waliokusanyika makanisani na kumbini. Si milango yote iliyofunguka. Kanisa alilokuwa akilitumikia mwenyewe lilikataa picha zake, naye akajiuzulu wadhifa wake. Alipata nafasi katika Broadway Tabernacle, kanisa maarufu la jijini, na kuanzia hapo mialiko ikaongezeka. Mhariri mmoja wa jarida la Scribner's aliyehudhuria mhadhara wake alimwalika aandike makala, nayo yakatoka Desemba 1889.

Kitabu na Matokeo Yake

Makala hayo yalikua na kuwa kitabu, How the Other Half Lives, kilichochapishwa mwaka 1890. Kilieleza jinsi nusu moja ya jiji ilivyoishi bila nusu ya pili kujua. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kutumia kwa wingi picha zilizochapwa kwa nukta ndogondogo badala ya michoro pekee.

Miongoni mwa wasomaji wake alikuwa Theodore Roosevelt, aliyemtafuta Riis ofisini na, alipomkosa, akamwachia ujumbe kuwa amekuja kusaidia. Roosevelt alipokuwa mwenyekiti wa bodi ya polisi ya New York kuanzia 1895, wawili hao walizunguka mitaani usiku kuwakagua askari. Riis alimpeleka kwenye kituo kilekile cha Church Street alikoibiwa kidani na kuuliwa mbwa. Mwaka 1896 vyumba vya kulala vya polisi vilifungwa.

Mafanikio mengine yalifuata. Mwaka 1891 Riis alichukua kamera hadi kwenye bonde la mto Croton, chanzo cha maji ya jiji, akapiga picha za taka na kinyesi vilivyotiririkia humo. Jiji lililazimika kununua ardhi ili kuyalinda maji hayo. Nyumba za Mulberry Bend zilibomolewa na bustani ya umma ikafunguliwa mahali pake mwaka 1897. Cha kushangaza ni kwamba Riis hakualikwa kuhutubia siku ya ufunguzi. Alihudhuria kama mtazamaji. Mwaka 1901 jimbo la New York lilipitisha sheria mpya ya nyumba za kupangisha iliyodai madirisha, hewa na vyoo. Sheria hiyo ilikuwa jasho la wengi, lakini Riis alikuwa mmoja wa waliomulika njia.

Kasoro za Jicho Lake

Haitakuwa haki kumsifu Riis bila kumhakiki. Kwanza, aliwagawa watu kwa asili zao na kila kundi akalibandika tabia: Wataliano hivi, Wayahudi vile, na Wachina aliwaandikia kwa ukali uliovuka mipaka. Mhamiaji aliyefukuzwa kituoni kwa sababu alidhaniwa mwizi aliwadhania wahamiaji wenzake mabaya. Pili, baadhi ya picha zake zilipangwa. Watoto wa mitaani wanaoonekana wamelala vibarazani walijipanga mchana, huku wamefumba macho kwa ajili ya kamera. Tatu, wengi waliopigwa picha usiku hawakuombwa ridhaa. Mlango ulisukumwa, mwanga ukalipuka, na sura zao zikapelekwa mbele ya watu ambao wao wenyewe wasingekutana nao kamwe. Majina yao hatuyajui.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kuwa bila mlipuko ule nyumba zisingebomolewa. Hoja hii ina uzito, na sheria ya 1901 ni ushahidi. Hata hivyo, faida ya jumla haifuti deni la mtu mmoja mmoja. Tunaweza kushukuru kwa madirisha na bado tukasikitika kuwa mama aliyepakata mtoto chumbani hakuulizwa.

Siku za Mwisho

Mwaka 1901 Riis alichapisha tawasifu yake, The Making of an American. Elisabeth alifariki mwaka 1905, na mwaka 1907 Riis alimwoa Mary Phillips. Alinunua shamba huko Barre, Massachusetts, lakini aliendelea kusafiri na kuhadhiri kwa slaidi ingawa moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alifariki huko Barre tarehe 26 Mei 1914. Kaburi lake liliwekewa jiwe lisilo na maandishi.

Picha zake zilisahaulika kwa miaka mingi. Mpigapicha Alexander Alland ndiye aliyezitafuta kwa bidii katika miaka ya 1940, mpaka zikapatikana kwenye dari ya nyumba ya zamani ya familia huko Richmond Hill: zaidi ya bamba 400 za kioo pamoja na slaidi. Maonyesho yaliyofanyika mwaka 1947 katika Jumba la Makumbusho la Jiji la New York yalimrudisha Riis hadharani, safari hii akitambuliwa kama mpigapicha kwanza na mwandishi baadaye. Yeye mwenyewe angelishangaa.

Hitimisho

Tumeona kwamba Riis alianza kwa maneno, akayaona hayafiki, akayaongezea mwanga na rangi. Lakini yafaa tukumbuke kwamba picha zake hazikusema zenyewe. Ukumbini alisimama kando ya pazia akisimulia kila slaidi, na kitabuni sheria na takwimu ziliandamana na picha. Neno ndilo lililomwambia mtazamaji afanye nini na uchungu aliouona.

Nchini mwetu, mitaa kama Mathare na Kibera imepigwa picha mara zisizohesabika na wageni na wenyeji. Mwanafasihi wa Kiswahili ana faida ambayo Riis hakuwa nayo katika vyumba vingi alivyoviingia: anaijua lugha ya anayemulikwa. Anaweza kubisha hodi, akakaribishwa au akakataliwa, akauliza jina na kuliandika. Mwenye shibe huenda akamjua mwenye njaa kwa kuonyeshwa sura yake. Atamheshimu, nadhani, siku atakapomsikia akijieleza.